Kufunga na kusawazisha darubini kabla ya mwezi kuandama

Darubini tuliyo nayo si kubwa. Kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 70, urefu wake wa kulenga, yaani umbali kutoka kioo hicho hadi pale mwanga unapokusanyika, ni milimita 700, na stendi yake ni ya alumini, ya miguu mitatu. Tuliichangia majirani wa hapa Mkomani, Lamu, tukainunua mkono wa pili kwa kazi moja: kuutafuta mwezi jioni ya tarehe 29 ya kila mwezi wa Kiislamu. Mimi nasomesha hisabati, na kwa kuwa ndimi niliyesema kwamba naweza kuitumia, ndimi niliyekabidhiwa ufunguo wa kasha lake.

Jioni ya kwanza niliwaangusha. Ilikuwa 29 Shaabani, hewa safi, paa limejaa watu mpaka ngazini, na wazee wawili walipandishwa kwa kushikwa mikono. Hesabu zilionyesha kwamba jua likizama mwezi utakuwa digrii 11 juu ya upeo wa macho, basi sikuwa na wasiwasi. Nikalenga kwa kile kidarubini kidogo kinachokaa mgongoni mwa darubini kubwa, nikachungulia kwenye kubwa. Anga tupu. Nikasogeza kidogo kushoto, tupu. Kulia, tupu. Zikapita dakika ishirini na tano, watu wamenyamaza nyuma yangu. Kisha mtoto wa jirani, wa miaka kumi, akanyosha kidole: "Ule, yuu ya mnazi!" Watu wote wakauona kwa macho yao. Nikauleta mwezi ule ule katikati ya nyuzi zilizokatana ndani ya kidarubini, nikachungulia tena kwenye kubwa, na bado hapakuwa na kitu.

Asubuhi nilikaa na kalamu nikaona nilipokosea. Mchana wa siku ile nilikuwa nimelinganisha kidarubini na darubini kubwa kwa kutazama antena ya nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro, mita 12 tu. Vyombo hivi viwili havina jicho moja. Kati ya katikati ya kimoja na katikati ya kingine pana sentimita 10. Ukivikutanisha kwenye kitu kilicho mita 12, unakuwa umevipinda vitazamane kama macho ya mtu anayetazama ncha ya pua yake. Sentimita 10 kwa mita 12 ni karibu nusu digrii, na nusu digrii ndio upana wa mwezi mzima. Kwa kuwa kidarubini kiko juu, darubini kubwa ilikuwa ikitazama juu ya mwezi kwa upana wa mwezi, na ule ukingo unaong'aa uko chini, upande wa jua. Nami nilikuwa nimeweka kioo cha jicho, kile cha kuchungulia, cha milimita 10, kinachokuza mara 70, ambacho uwanja wake wa kuona haufiki hata digrii moja. Ningeweza kukaa pale mpaka Isha nisiuone.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kazi ya darubini humalizika kabla ya jua kuzama. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafanya kila mwezi mwandamo, na wenzangu wa Pate, Faza na Malindi wenye darubini kama hii nawaomba wayafanye vilevile, kwa sababu watu waliokusanyika kungoja mwezi hawastahili kuangushwa na skrubu.

Kabla ya yote, jua. Jua likiwa bado linaonekana, hata kama ni kipande chembamba kama ukucha, vifuniko viwili haviondoki upande wa magharibi: cha darubini kubwa na cha kidarubini. Watu hukikumbuka kile kikubwa wakakisahau kidogo, na kidogo chenye kioo cha milimita 30 kinatosha kabisa kulichoma jicho. Ndani ya jicho, pale picha inapoangukia, hakuna maumivu. Mtu huungua bila kujua, akaja kugundua baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa. Kwa hiyo kazi ya kulinganisha naifanya alasiri nikiwa nimelipa jua mgongo, natazama mashariki, upande wa kisiwa cha Manda. Nikimaliza nafunika, na vifuniko nimevifunga kwa kamba ya mshipi mafundo mawili, ili mtoto asivifungue kwa udole mmoja. Hata jua likiwa limezama nangoja dakika mbili zaidi. Mawingu ya upeoni hudanganya: waweza kudhani limekwisha kuzama kumbe limejificha nyuma ya wingu tu.

Sasa mahali. Paa la nyumba zetu za matumbawe na boriti ni zuri kwa kupunga upepo, ila kwa darubini ni kama sitaha ya mashua. Mtu akipiga hatua upande wa pili, boriti hunesa kidogo usiyoihisi mguuni, na kwenye kioo kinachokuza mara 70 mnazi wa mbali unaruka nje ya picha. Tena kutoka Mkomani magharibi yetu ina minazi na miinuko. Ndiyo maana siku hizi tukijaliwa tunakwenda kijiji cha Matondoni, kwa mjomba wangu ambaye ni fundi wa majahazi. Kule ufuoni unatazama magharibi juu ya maji, na ng'ambo ni mikoko ya bara, mistari mifupi ya kijani. Upeo wa macho uko chini kadiri inavyowezekana kwetu.

Mchanga nao una shida yake. Miguu ya stendi huzama taratibu, mmoja zaidi ya mwingine, na ulichokisawazisha saa kumi kimekwisha pinda saa kumi na mbili. Mjomba alinikatia vipande vitatu vya ubao, kila kimoja kama upana wa sahani, akachimba kwa patasi kishimo katikati ili ncha ya mguu ikae isiteleze. Navikanyagia vipande hivyo kwenye mchanga wenye unyevu, si ule mkavu wa juu. Miguu ya stendi siirefushi yote. Naivuta kidogo tu, nami nakaa kwenye kiti kifupi. Stendi fupi hutulia, hasa wakati wa kusi. Katikati yake, chini, naning'iniza mfuko uliojaa mchanga, ukigusa chini kidogo usije ukabembea na upepo.

Mguu mmoja nauelekeza magharibi. Hii hurahisisha kusawazisha: nalaza pima maji juu ya kichwa cha stendi, kaskazini kwa kusini, nashughulika na ile miguu miwili ya nyuma mpaka kitone kikae katikati. Kisha naligeuza pima maji mashariki kwa magharibi na kushughulika na mguu wa magharibi peke yake. Narudia tena mara moja, kwa sababu kila ukigusa upande mmoja wa pili husogea kidogo.

Lakini pima maji lenyewe lazima lipimwe, na hapa naomba mtu asiruke. Langu la kwanza nililinunua dukani, la plastiki, jipya kabisa, na niliamini kitone chake kama hukumu. Mjomba alipoliona alilichukua, akaliweka juu ya ubao uliotulia, akalitazama, kisha akaligeuza kichwa kuwa mkia mahali pale pale. Kitone kikahama kikaenda ubavuni. "Mwanangu, hili lina upande linaloupenda," akaniambia. Pima maji la kweli hata ukiligeuza kitone hurudi pale pale. Likiwa na kasoro, kitone kitakwenda kushoto mara ya kwanza na kulia mara ya pili, kwa kiasi kile kile. Hapo usawa wa kweli ni pale ambapo kitone kinapotoka kwa kiasi sawa kila ukiligeuza. Huhitaji kununua jingine. Tia alama kwa kalamu ya wino usiofutika pale kitone kinapokaa juu ya ubao uliosawazishwa kwa kugeuza, uitumie alama hiyo. Mimi bado natumia lile lile la plastiki, lina alama nyekundu upande mmoja.

Kwa nini nahangaika hivi? Kwa sababu ukitafuta mwezi usioonekana unafagia: unainua darubini kwenye kimo kilichohesabiwa, kisha unaizungusha kulia na kushoto. Stendi ikiinama digrii 2 tu, ukifagia digrii 20 kwenda upande mmoja unakuwa umepanda au umeshuka zaidi ya nusu digrii bila kujua. Unadhani umepita njia moja kumbe umepita njia nyingine, na mwezi umebaki chini yake.

Kuiweka darubini yenyewe juu ya stendi hakuna mengi. Iteleze kwenye mfereji wake wa kushikilia mpaka ikiachwa legelege isiangukie mbele wala nyuma, kisha kaza. Iwe na kioo cha jicho tayari wakati wa kupima uzito huo, na kidarubini kiwe mahali pake, maana navyo vina uzito. Kaza kwa vidole mpaka igome, ongeza robo mzunguko, basi. Nimewahi kuona alumini iliyoliwa nyuzi zake na mtu aliyekaza kwa koleo, na alumini ikiisha nyuzi haina dawa.

Kidarubini ndicho chenye kazi. Chetu kinakuza mara 6 na kinaonyesha kipande cha anga cha digrii 7 hivi, mara kumi na nne ya upana wa mwezi, na ndani yake mna nyuzi mbili zilizokatana. Kimeshikwa na pete mbili, kila pete ina skrubu tatu za kukaza kwa vidole. Anza na jicho lako. Kielekeze kwenye anga tupu au ukuta mweupe, uzungushe kile kioo cha nyuma mpaka nyuzi ziwe nyeusi na kali kama zimechorwa. Baadaye tazama kitu cha mbali. Kama nyuzi ni kali lakini kitu kina ukungu, legeza ile pete nyembamba iliyo nyuma ya kioo cha mbele, uzungushe kioo hicho mpaka kitu nacho kiwe kikali, kisha ukaze pete. Ukifaulu, tikisa kichwa kidogo kulia na kushoto: nyuzi na kitu vinapaswa kukaa pamoja. Vikionekana kutelezeana, rudia.

Halafu nyuzi zisimame wima, na hapa ndipo chubwi ya mshipi wa mjomba inapokuja. Wajenzi wana timazi lao la shaba, zuri sana, lakini chubwi ya kuvulia iliyofungwa kwenye uzi mweupe hufanya kazi ile ile. Naufunga uzi kwenye tawi au kwenye ubavu wa jahazi lililo juu ya magogo, mita 25 hivi kutoka kwenye darubini, na chubwi naitumbukiza ndani ya kopo la maji. Maji huizuia isibembee na upepo. Bila kopo utangoja utulivu usiokuja. Nyuma ya uzi natundika leso nyeusi ili uonekane. Halafu natazama kwa kidarubini. Naulegeza mshiko wa skrubu zote kidogo tu, nakizungusha kidarubini chenyewe ndani ya pete zake, kama mtu anayezungusha kalamu kati ya vidole, mpaka uzi wa ndani ulale juu ya uzi wa nje. Usitazame katikati peke yake. Shusha na upandishe darubini, uone kwamba uzi wa ndani unaufuata wa nje kutoka kwenye tawi hadi kwenye kopo. Ukitengana nao kuelekea chini, ama bado hujakizungusha vya kutosha, ama stendi yako haikusawazishwa, rudi kwenye pima maji.

Kazi hii wengi huiona ya urembo. Kwetu sisi wa karibu na mstari wa ikweta ina maana kubwa. Lamu iko digrii 2 na dakika 16 kusini. Huku jua na mwezi havitelezi kwa mshazari vikizama kama nchi za kaskazini; vinateremka karibu wima kabisa. Ukiwa na uzi uliosimama sawasawa, uzi huo ndio njia atakayopita mwezi. Mwezi utaufuata uzi huo kama ndoo inayoteremshwa kisimani. Na ukiwa bado hujauona, unajua kwamba huna haja ya kutangatanga: ukishapata upande sahihi, upo mahali fulani juu ya uzi huo.

Sasa kulinganisha. Tafuta kitu kilicho mbali zaidi ya kilomita moja, kisichotikisika, upande wa mashariki alasiri. Ncha ya mnara wa simu inafaa sana. Mlingoti wa jahazi lililotia nanga haufai, hata bahari ikiwa shwari. Kwa kilomita moja ile sentimita 10 ya kosa langu huwa ndogo kiasi cha kutohesabika. Weka kioo cha jicho chenye kukuza kidogo kwanza, kwetu ni cha milimita 25, kinachokuza mara 28. Ipate ncha ya mnara kwenye darubini kubwa, uilete katikati, ukaze stendi isisogee. Badilisha uweke cha milimita 10, uirudishe ncha katikati kabisa, ukaze tena. Kuanzia hapo darubini kubwa haiguswi. Nenda kwenye kidarubini, na kwa zile skrubu tatu za pete ya nyuma uzilete nyuzi juu ya ncha ya mnara. Legeza moja nusu mzunguko, kaza mbili zinazoikabili kidogo kidogo mpaka zishike tena. Picha ndani yake imepinduliwa, juu ni chini na kulia ni kushoto, kwa hiyo mwanzoni mkono utakwenda kinyume na unavyotaka. Usikasirike, baada ya mara tatu mkono huzoea. Angalia pia usije ukakizungusha kidarubini na kuupoteza wima wa nyuzi. Nyuzi zikifika, kaza skrubu zote kwa zamu, kidogo kidogo, huku ukitazama, kwa sababu ile ya mwisho hupenda kusukuma.

Rudi kwenye darubini kubwa. Bado ncha iko katikati? Mara nyingi imeteleza kidogo kwa sababu uliegemea. Sahihisha zote mbili. Mimi hurudia mara tatu, na mwisho nagonga stendi kwa kiganja na kutazama tena. Kitu kilicholinganishwa kwa kukaza legelege hujulikana hapo.

Ukitaka jaribio la kweli, jioni za kabla ya siku yenyewe tumia Zuhura, ikiwa ni msimu wake wa kuonekana jioni. Jua likishazama, iweke kwenye nyuzi, uchungulie kwenye kubwa. Ikiwa ndani ya picha ya kioo cha milimita 10, umefaulu. Mwezi wa siku ya tatu au ya nne nao unafaa, na watoto watafurahi.

Limebaki kujua pa kuelekeza. Dira siitegemei, karibu na nondo, mabati au hata stendi yenye skrubu za chuma hupotoka. Natumia kivuli. Robo saa kabla ya machweo nachomeka ufito wa mkoko mchangani, urefu wa mita mbili, nauhakikisha wima kwa timazi, na kivuli chake kinakwenda mashariki, kirefu. Nanyosha kamba juu ya kivuli hicho, na stendi inakaa juu ya kamba, mita 20 kutoka kwenye ufito. Jua linavyoshuka wima huku kwetu, katika robo saa hiyo upande wake hauhami hata nusu digrii. Likizama, na vifuniko vikiondoka, naweka uzi wa wima juu ya ufito: hapo natazama lilipozama jua.

Programu ya Stellarium kwenye simu, ukiiambia uko Lamu, hukupa jua linapozama na mwezi ulipo, kwa digrii. Tuseme jua ni 270 na mwezi ni 268: nageuza digrii 2 kushoto, yaani kusini. Kwa kuzihesabu digrii hizo nilitengeneza kisahani cha ubao chenye kipenyo cha sentimita 11.5, nikakifunga chini ya kichwa cha stendi. Mzunguko wake ni sentimita 36, basi nilizungushia karatasi ya manila yenye milimita 360, kila milimita ni digrii moja. Kwa kimo natumia ile protrakta kubwa ya mbao ya ubaoni darasani, nimeifunga ubavuni mwa darubini na uzi wenye kipande cha risasi katikati yake. Darubini ikilala sawa, nimeihakiki kwa pima maji, uzi unasoma 90. Nikiinua digrii 8, uzi umehama 8. Hakuna betri ndani yake, na upepo ukiwa mkali naushika uzi kwa vidole, nauachia taratibu.

Kila dakika nne hivi mwezi unashuka digrii moja. Hii naiandika kwenye kipande cha karatasi kabla: saa kumi na mbili na dakika 35, digrii 8; dakika 39, digrii 7; dakika 43, digrii 6. Kijana mmoja anasoma saa kwa sauti, mimi nashusha. Naanza na kioo cha milimita 25 kwa sababu uwanja wake ni mpana, karibu digrii 2, na nakiwekea ukali mapema kwenye mikoko ya ng'ambo. Kioo kisichowekewa ukali huutawanya ule uzi mwembamba wa mwezi ukayeyuka kwenye weupe wa anga. Nafagia digrii 3 kila upande, polepole, nikisimama mara kwa mara. Jicho huona kitu kilichotulia kuliko kinachopita.

Na hesabu zikisema mwezi na jua wako chini ya digrii 7 mbalimbali, nawaambia watu mapema kwamba darubini yetu haitasaidia. Mfaransa André Danjon alilieleza hilo tangu miaka ya 1930: kwa umbali mdogo kama huo ukingo unaong'aa huwa haupo wa kuonekana. Ni haki yao kuambiwa kabla ya kupanda mashua.

Kama mwezi ulioonwa kwa darubini pekee unatosha au hautoshi, hilo ni la masheikh na kadhi, wala mimi siliingilii. Wazee wetu wanataka kuuona kwa macho. Kwa hiyo nikiupata, sipigi kelele. Nakaza stendi, namwita mzee wa kwanza achungulie, kisha nampa mahali kwa mkono: kidole kimoja cha mwisho ukinyosha mkono ni digrii moja, vitatu vya katikati ni tano, ngumi ni kumi. "Tazama ule mkoko mrefu, panda vidole vitatu, kushoto kidole kimoja." Mwezi wa mwisho tulioupata Matondoni, mzee mmoja wa miaka zaidi ya sabini alisimama hivyo, mkono umenyoshwa, jicho moja limefumbwa, kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema taratibu, "Mbwene," yaani nimeuona, nami nikaangalia saa na kuandika. Wengine wanne wakauona baada yake, na habari ikapelekwa kwa kadhi ikiwa na majina, saa na mahali.

Usiku huo huo, hata ukiwa umechoka, usiifungie darubini na chumvi yake. Skrubu za kidarubini zina chuma ndani, na hewa ya bahari haizili kwa mwaka, huzila kwa wiki. Nafuta kila kitu cha chuma kwa kitambaa kilicholowanishwa maji baridi ya kunywa, nakausha, napaka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye nyuzi za skrubu kwa ncha ya kijiti. Vioo sivigusi kwa leso wala kanga, kwa sababu chembe moja ya mchanga hukwaruza; napuliza kwa pampu ndogo ya mpira, na ikibaki alama ya kidole naiacha mpaka nipate kitambaa chake. Kwenye kasha naweka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, navianika juani kila mwezi. Unyevu wetu huotesha ukungu ndani ya kioo, mistari kama mizizi, na ukishaota hauondoki kwa kufuta.

Skrubu za kidarubini zenyewe nazilegeza robo mzunguko kabla ya kuweka kasha juu ya kabati, mpira wa pete usije ukabaki na kovu. Najua nitalinganisha tena alasiri ya tarehe 29, kwa hiyo sina ninachokipoteza. Chubwi narudisha kwa mjomba kabla sijapanda mashua, alfajiri anaitaka.